Salamu Zinazokatika Njiani

Alhamisi, 2 Januari 2025

Simu imefungwa leo. Ya mezani, nyeupe, ina antena kama redio. Bibi ameshaivisha kitambaa alichofuma mwenyewe.

Yote ni kazi ya gari la matangazo la Sauti Nyumbani. Lilipita mtaani kwetu na spika: “Ongea na ndugu yako bila kikomo! Nyumba kwa nyumba!” Bibi alitoka nje kulisikiliza mara ya pili. Simu ya mkononi haitaki. Anasema mambo ya nyumbani hayazungumzwi na mtu aliyesimama sokoni. Dada yake wa Pangani, Bi Chausiku, ana akili hizohizo. Naye amenunua, na ile ya mkononi kamgawia mjukuu wake aliye Arusha.

Mimi nina furaha yangu. Chuo cha ufundi Pangani kimenipa nafasi ya kusomea umeme. Bweni la wasichana limejaa, kwa hiyo wanataka niwaambie nitakaa kwa nani, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Bibi kasema, “Wahida, dada akitamka kwa kinywa chake ‘mlete’, utakwenda. Asipotamka, huendi.” Mama yuko Kiwangwa kwenye mananasi. Naye anasema neno la Bibi ndilo hilohilo.

Simu moja tu. Inshallah kesho.

Ijumaa, 3 Januari

Bibi alioga, akajifukiza udi, akaketi. Nikampigia.

Shikamoo dada. Marahaba mdogo wangu, hujambo? Sijambo. Magoti je? Yapo. Watoto? Jirani yule wa kushoto? Mbuzi kazaa? Walipofika kwa Mwishehe, mkwe wa Bi Chausiku mwenye kidonda cha mguu — simu ikakatika.

Nikapiga tena. Nilidhani Bibi ataendelea alipoishia. Wapi. “Shikamoo dada.” Mwanzo kabisa! Magoti, jirani, mbuzi, Mwishehe. Ikakatika.

Nikamwambia polepole kwamba wameshasalimiana. Akaniangalia kama nimetoka nje bila nguo. Kwake simu ikikatika ni mlango umefungwa, na ukirudi unapiga hodi upya. “Niingie nyumbani kwa dada yangu na haja mdomoni, kama nimekuja kudai?”

Jioni walimpita Mwishehe. Walifika kwenye kuku.

Jumamosi, 4 Januari

Nimepiga huduma kwa wateja. Sipendi kuongea na watu nisiowajua, kwa hiyo sentensi yangu niliifanyia mazoezi mbele ya kioo. Mashine ikasema: kwa ofa mpya bonyeza moja. Kwa ofa nyingine bonyeza mbili. Kama simu yako inakatika, bonyeza tano.

Nikabonyeza tano. Ikakatika.

Mchana nikampata mtu, anaitwa Farhan. Nikaitoa sentensi yangu yote kwa pumzi moja. Akasema, “Mteja mpendwa, simu yako haina tatizo. Kila simu ina dakika tatu.” Nikasema tangazo linasema bila kikomo. Akasema ni kweli, unaweza kupiga mara nyingi bila kikomo. Kikomo kiko kwenye kila simu.

Nikasema asante. Kwa nini nilisema asante?

Jumapili, 5 Januari

Bibi kataka aongee na “huyo kijana” mwenyewe. Nilitamani kujificha chini ya kitanda.

“Mwanangu, hujambo? Umelala salama? Kwenu wapi?” Farhan akasema mama yake ni wa Mlingotini. Basi. Mlingotini ya upande gani, mtoto wa nani, bibi yake si yule aliyekuwa akisuka mikeka ya harusi? Ndiye. Chai yangu ilipoa, nikanywa, nikaosha kikombe. Bado wanaongea. Simu haikukatika!

Kumbe namba pekee isiyo na kikomo ni ya huduma kwa wateja.

Bibi akamwomba ampigie Bi Chausiku, amuulize kuhusu mimi. Farhan akakubali. Bibi akaweka mkono wa simu chini na kusema, “Hii kampuni ina watu wazuri.”

Jumanne, 7 Januari

Farhan amepiga. Bi Chausiku anamsalimu sana Bibi. Magoti yana nafuu. Mbuzi kazaa mapacha. Mwishehe kidonda kimekauka.

“Na la binti?”

La binti, Bi Chausiku kasema si jambo la kumbebesha mtoto wa watu. Atamwambia mdogo wake mwenyewe. Kwa simu.

“Dada yangu ana adabu,” Bibi akasema, machozi yakimlengalenga.

Dakika chache baadaye mashine ikapiga. Wanafurahi kwamba tatizo letu limetatuliwa. Kama umeridhika, bonyeza moja. Bibi alibonyeza moja kabla sijamfikia.

Jumatano, 8 Januari

Nimeomba nipande basi nikaulize Pangani. Bibi kasema binti hajipeleki mwenyewe kujiombea mahali. Nimeomba wafupishe salamu. Akaniuliza nani nimtoe: Mwishehe au magoti?

Kisha wakapiga, wakaenda vizuri. Mbuzi, kuku, mvua. Bi Chausiku mwenyewe akasema, “Sasa, na huyo binti yako —”

Ikakatika.

Nilipiga haraka hadi nikakosea namba. Nilipoipata, Bibi akavuta pumzi. “Shikamoo dada.”

Nilikwenda uani kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi, 9 Januari

Farhan ana habari njema. Kuna kifurushi kipya, Bila Kikomo Zaidi. Dakika nne.

Leo sikusema asante.

Ijumaa, 10 Januari

Ofisi ya chuo itafungwa alasiri. Bibi kaingia kuoga kwa ajili ya simu. Nikakaa sakafuni nikaitazama. Nikasema nitapiga tu, nisikilize inavyoita, kisha nikate.

“Haloo,” Bi Chausiku akasema.

Nikafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa shikamoo. Nikasema mimi Wahida, nataka kuja kukaa kwako nisome umeme, utanipokea?



“Nani?”

“Wahida. Mjukuu wa Mwaija.”

“Mwaija hajakufundisha kusalimia?”

“Kanifundisha.”

“Basi salimia.”

Nikamwamkia. Nikamsalimia magoti, na mbuzi, na mapacha wa mbuzi. Akauliza hali ya Bibi. Ya Mama. Ya mananasi. Kisha akasema, “Kusoma nini, umesema?”

“Umeme, bibi.”

“Wa kupanda kwenye nguzo?”

“Na wa majumbani.”

Akacheka, au akakohoa, sijui. “Huna haya wewe,” akasema. Mimi! Maisha yangu yote sijawahi kuambiwa hivyo. “Haya, mwambie Mwaija —”

Ikakatika.

Naandika hapahapa sakafuni, simu nimeipakata, inaita. Ni yeye, nani mwingine angepiga sasa hivi? Bibi amesimama mlangoni, khanga kifuani, maji yanamtiririka miguuni. Sijui amesikia kuanzia wapi. Hajanigombeza. Amenyoosha mkono apewe simu, na midomo yake imeshaanza kujiweka sawa kwa shikamoo.

Bado sijampa.