Habari za Amerika Zilizofika Kibabi

Kibabi, Masisi, Alhamisi asubuhi

Kwa dada yangu mpendwa Umulisa,

Kwa heshima na upendo nakusalimu, nikitumaini kwamba maneno haya yatakukuta mzima na kwamba baridi ya huko haijakushinda. Sisi tungali wazima kwa neema ya Mungu. Mama anakusalimu. Ng'ombe wanakamuliwa kama kawaida, ijapokuwa tangu Jumapili tunasikia risasi upande wa juu, na majirani wamekwisha kufunga magodoro yao.

Mtandao umekatika, hivyo Papa Jean-Bosco, anayeshuka Goma kwa pikipiki kuuza jibini, ataipiga picha barua hii na kukutumia. Ulitaka kujua jambo moja: je, mimi na Mama tutatoka kabla barabara haijafungwa, maadamu hati zetu za kuja kwako Amerika zimekubaliwa? Nitakujibu, lakini niruhusu nianze na chanzo cha mambo, kama tulivyofundishwa chuo kikuu.

Unajua jinsi Mama alivyokataa. Alisema ng'ombe wa marehemu Papa, baba yetu, hawaachwi njiani kama viatu vilivyochakaa. Mimi, mwenye licence, yaani shahada, ya uhusiano wa kimataifa, nikaona kazi ya kumshawishi ni yangu. Padri mgeni aliyehama aliacha kwenye paroisse, parokia yetu, marundo ya magazeti ya Amerika, ya miaka mingi iliyopita. Nikayaazima, na kila tulipomaliza kukamua nilimtafsiria Mama habari za watu wa kawaida wa huko.

Ya kwanza ilimhusu mwanamume aliyetozwa faini na mji wake kwa kuacha nyasi za uwanja wake zirefuke. Mama aliniomba nirudie. Akauliza nyasi hizo zikishakatwa hulishwa ng'ombe wa nani. Nilipomjibu kwamba hutiwa mifukoni na kutupwa, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaenda kumsimulia Mama Emérita, jirani yetu, ambaye alisema mimi nilileta uongo kutoka Goma badala ya diplome. Tuliposoma habari ya mbwa aliyefanyiwa sherehe ya kuzaliwa, Mama alitaka kujua kama alikuwa pia amebatizwa. Nilijipongeza. Niliona Amerika inaanza kumwingia moyoni.

Ukurasa mmoja nilikuwa nauruka. Ulimhusu mama mzee aliyekutwa amekufa jikoni mwake baada ya majuma kadhaa, huku jirani wa ukuta mmoja hajui lolote. Juzi Mama aliiona picha ya mlango wake na polisi mbele yake. Nilitaka kufunua ukurasa mwingine, akanishika mkono. Nikasoma yote.

Wewe unajua desturi yetu: nyumba isipotoa moshi asubuhi, mtu huja na maziwa kuuliza kuna nini. Mama akauliza ni nani aliyekuwa akimpelekea maziwa yule mama. Nikasema hakuna.

“Na Umulisa, anaishi na nani?”

Dada, sikumficha. Nilisema unaishi peke yako, unafanya kazi usiku na kulala mchana, mapazia yamefungwa.

“Basi njo mimi naenda,” Mama alisema. “Mutoto wangu hawezi kufa nyuma ya mulango na mimi niko. Lakini ngombe za baba yako haziwezi kubaki na mugeni. Wewe utabaki.”

Nilibishana naye siku nzima. Nilitaja diplome yangu, nikataja masomo niliyotarajia kuendelea nayo huko, nikapendekeza Nsengimana, kijana anayetuchungia. Akanijibu bila kupaza sauti kwamba kundi letu ni uzao wa jike ambaye babu alipewa na rafiki yake, na ng'ombe wa zawadi wakikosa mtu wa nyumba yetu wa kuwatunza, tumemtukana aliyetoa. Nikikataa kubaki, naye haendi. Jana jioni risasi zilisikika upande wa chini pia, karibu na barabara.

Basi jibu ni hili. Papa Jean-Bosco hashuki peke yake. Mama amekwisha kupanda nyuma yake, kitenge amekifunga kichwani, na pikipiki inanguruma huku nikimalizia mstari huu. Ulitarajia watu wawili, mpokee mmoja. Nilimshawishi kupita nilivyokusudia.

Usinijibu kwa majuto. Nisalimie wote wanaokutendea mema kazini, na Bwana akulinde pamoja na Mama. Nami lazima niwavushe ng'ombe ng'ambo ya mlima kabla ya adhuhuri.

Mdogo wako akupendaye,

Ntwari Sebahire
Licencié, Uhusiano wa Kimataifa