Pakine, Hiyo Gemu Si ya Nyumbani

Kitengela, 6 Oktoba 2024

Kwako Pakine,

Sopa. Natumai wewe na Resian mko wazima, na kwamba vumbi ya Kajiado imekuachia angalau jicho moja la kusomea. Sisi huku tuko salama. Nzilani anakusalimu. Magoti yangu hayataki ngazi siku hizi, lakini chumba changu cha gemu kiko chini, kwa hivyo bado tunaelewana. Naandika na kuifunga barua ndani ya hili katoni la pad mbovu za kuchezea, ulizosema kuna fundi huko wa kuzitengeneza, kwa sababu tukipigiana simu unacheka, na mimi nasahau nilikuwa nimekasirika.

Nimekasirika, kwa hivyo soma polepole.

Kila Desemba vijana wa chumba chako na wa changu wanashindana, na kanuni tuliiweka sisi wawili: kila upande ulete gemu moja ya nyumbani, ile vijana wanaita first-party exclusive. Imetengenezwa na wenye mashine wenyewe, yaani kampuni iliyounda mashine, na haichezwi kwa mashine ya mtu mwingine. Wewe na mashine yako ya Japani, mimi na yangu ya Amerika. Mwaka huu umeandika utaleta ile ya mpiga upinde mwenye jicho moja. Pakine, hiyo si ya nyumbani. Walioitengeneza walikuwa studio huru, wamekaa kwao, wanalipa kodi yao. Wenye mashine waliwanunua gemu ikiwa imeshatoka, na watu wameshaimaliza. Huwezi kununua mtu mzima ukasema umemzaa.

Mimi kucheza sijui, unajua. Juzi msichana wa darasa la nne amenifunga mabao huku akila mandazi. Lakini kanuni nazijua.

Na kitu kingine, kidogo tu. Barua yako ilikuwa ya ukurasa mmoja, na karibu kila mstari ni "Omolo anasema". Huyu Omolo ni nani? Nauliza tu.

Pakine wako,
Muteti


Kajiado, 15 Oktoba 2024

Pakine,

Sopa oleng. Sisi ni wazima. Mvua imenyunyiza kidogo, si ya kujivunia. Resian anakupa pole ya magoti na anasema upunguze chapati.

Kuhusu gemu. Wewe kwenu ni watu wa maembe, si wa ng'ombe, kwa hivyo nitakufundisha taratibu. Ng'ombe akiwa na mimba, uliza nani anamlisha. Wenye mashine ndio walilipa hiyo studio tangu siku ya kwanza, na jina lao likakaa juu ya boksi. Baadaye wakamleta mama mwenyewe bomani. Sasa ndama ni wa nani? Aliyelisha ndiye mwenye ndama. Huku hata mtoto hawezi kuuliza hilo swali.

Halafu hiyo gemu yako ya magari, unayotaka kuleta. Ni kweli imezaliwa nyumbani. Lakini Omolo anasema inachezwa kwa kompyuta ya mtu yeyote. Hiyo ni exclusive gani, imezaliwa kwako na inalala kila mahali?

Omolo ni fundi. Anatengeneza mashine na pad hapa karibu na stendi, na amekodi chumba kwa ploti yangu. Nimemwomba awe refa Desemba, ndio mimi na wewe tusikosane. Tumekaa naye hapa nikiandika, anacheka tu. Pakiteng anakusalimu sana.

Pakine wako,
Ledama


Kitengela, 19 Oktoba 2024

Pakine (kama bado ni mimi),

Natumai mko wazima wote watatu, wewe, Resian na Omolo. Mimi niko sawa, ila nimekosa hamu ya chakula. Resian atafurahi.

"Pakiteng anakusalimu sana." Mimi ni Mkamba lakini si mgeni. Kyule wetu alipozaliwa ulikuja hapa na mbuzi mweupe, ukaniambia kwenu watu wakipeana mbuzi wanaacha majina, wanaitana Pakine maisha yao yote. Nilifurahi mpaka nikawaambia watu wa kazini, na hawakuwa wameuliza. Siku hiyo hiyo ukaniambia wa ng'ombe wanaitana Pakiteng. Kwa hivyo fundi ulimpa ng'ombe. Mimi mbuzi. Sawa. Hata mbuzi ni mnyama.

Sina wivu. Nzilani anasema niko nao, lakini yeye barua hajaisoma. Nimemsomea tu kwa sauti, wakati wa chai, na tena wakati wa chakula cha jioni.

Kuhusu gemu ya magari, umeniweza. Kitu kikipatikana kwa kila mtu si exclusive. Nakubali kabisa. Hayo maneno yafikirie vizuri ukiwa umekaa na Omolo.

Na refa simtaki. Akiwa refa, sisi wa Kitengela hatukuji.

Pakine wako wa zamani,
Muteti


Kitengela, 17 Novemba 2024

Pakine,

Habari za siku nyingi. Natumai kimya ni cha kazi na si cha ugonjwa. Katoni la pad limerudi. Zimetengenezwa vizuri sana, kwa bahati mbaya. Nimelipekua mpaka chini, barua hakuna.

Sasa mimi nimefanya kitu. Nimeenda mnadani nikanunua ng'ombe. Ni mwekundu, ana mimba kubwa, na amefungwa nyuma ya chumba cha gemu. Vijana wanacheza huku yeye anachungulia dirishani. Naogopa kumkaribia na ameshajua hivyo. Kisilu wa ploti ya pili anasema akila sukuma wiki yake tena, atanipeleka kwa chifu.

Nitakuletea Desemba, mbele ya watu, mbele ya refa. Halafu tuone Pakiteng ni nani.

Muteti


Kajiado, 24 Novemba 2024

Pakine,

Sopa. Natumai magoti yamepoa na Kisilu pia. Sisi tuko.

Sikujibu kwa sababu jibu lina aibu ndani yake. Mimi sikumpa Omolo ng'ombe. Yeye ndiye alinipa mimi. Kwetu aliyetoa na aliyepokea wanaitana jina moja, kwa hivyo kwa jina peke yake huwezi kujua.

Ni ule mwaka wa kiangazi. Walikufa wote, Pakine. Ulinipigia simu ukauliza ng'ombe wakoje, nikakuambia wako sawa, na nilikuwa nimesimama katikati ya mizoga. Omolo alikuwa amehamia juzi tu, na kwa dirisha lake huwezi kukosa kuona. Jioni moja alikuja na ng'ombe wa maziwa nyuma ya pikapu, akasema, "Mzee, watoto wakunywe chai."

Wewe sikukuambia kwa sababu ungeuza mashine zako, na ndio ulikuwa umefungua chumba cha gemu.

Huyo mwekundu usimlete. Nikimpokea itabidi tuitane Pakiteng, na wa hivyo ninaye. Pakine niko naye mmoja tu kwa hii dunia. Sitaki kubaki bila.

Pakine wako,
Ledama


Kitengela, 1 Desemba 2024

Kwako Pakine,

Sopa. Natumai mmeamka vizuri. Barua yako nimeisomea nyuma, karibu na ng'ombe, ndio vijana wasinione.

Ulifikiri wivu utaisha. Haujaisha, umebadilika tu. Ng'ombe hanisumbui tena. Kinachoniuma ni ile siku ya mizoga. Omolo aliona, na mimi nikaambiwa wako sawa. Nikakata simu nikaenda kula, Pakine, nikashiba. Ningeuza mashine, ndio, na ningeuza bila kumuuliza Nzilani, halafu ningeomba msamaha kwa magoti haya haya. Hiyo nafasi ilikuwa yangu na ukampa fundi.

Kwa hivyo nimeamua. Ng'ombe nimempa Omolo. Namba yake ilikuwa kwa katoni la pad, nikampigia jana. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia alisimama pahali pangu wakati mimi sikujua kuna pahali pa kusimama, na mtu kama huyo hatumiwi asante kwa simu. Lori linamleta Ijumaa. Kuanzia siku hiyo mimi na yeye tunaitana Pakiteng.

Na ndiyo, nilifikiria vile wewe utajisikia. Nilifikiria hilo kwa muda mrefu, na chai mkononi.

Refa abaki. Gemu ya upinde ilete tu, nitaipinga nikiwa nimekaa.

Pakine wako,
Muteti


Kajiado, 10 Desemba 2024

Pakine,

Salamu nitakupa ukifika.

Ng'ombe alifika Ijumaa. Omolo hana boma. Ana chumba kimoja, na nusu yake ni meza ya kutengenezea mashine. Kwa hivyo ng'ombe analala kwangu, anakula nyasi yangu, na mimi ndiye naamka kumwangalia. Jana amezaa, ndama jike, mwekundu kama mama. Nilimshika mimi mwenyewe akitoka, mikono yote miwili. Nikasema, haya, huyu amezaliwa bomani kwangu. Omolo akaniambia, tena mbele ya Resian, "Pole, mzee. Huyo ni wangu, nimepewa na Pakiteng wangu wa Kitengela." Resian alicheka mpaka akaweka kibuyu chini.

Sasa Omolo ananionyesha simu. Umemtumia picha za Kyule akiwa na sare mpya. Mimi picha hizo sikuziona. Mnaandikiana mpaka mambo ya chakula. Sijauliza mnaongea nini na sitauliza.

Ile gemu ya upinde nimeitoa. Hoja yangu ilikuwa aliyelisha ndiye mwenye ndama, na sasa nimelisha siku chache tu nikaonyeshwa mwenyewe ni nani. Usilicheke hilo neno kabla sijakuona.

Njooni Jumamosi. Omolo anasema atakungoja kwa stendi. Mimi nitakuwa hapo kabla yake. Ukishuka, nisalimie mimi kwanza.

Pakine wako,
Ledama