Naiharibu Waifai Makusudi Ili Kaka Yangu Aje

Mpendwa Bi Nasiha,

Salaam nyingi, na naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ikifika bila ya jawabu sijui uso wangu nitauweka wapi. Mimi ni mke wa mtu, naishi Kibokoni ghorofa ya tatu, nasomesha Kurani kwa kompyuta, wanafunzi wangu ni kina mama walioko Maskati na Uingereza, na kompyuta yenyewe nimetengenezewa na kaka yangu Kamaludin, fundi mwenye kibanda chake karibu na Marikiti, ambaye hataki kusikia habari ya programu za kununua, basi akanitilia zile za bure anazozijua yeye na wenzake.

Sasa huyu kaka yangu ndiye aliyesimamia chakula siku ya harusi yangu, na mume wangu Sufyan, ambaye ni mshonaji kanzu na mdomo wake hauna breki, akasema mbele ya watu kwamba ule wali ungefaa kubandikia mabango ukutani, watu wakacheka, na kaka akasusa, akasusa kweli kweli, ikawa salamu ni za simu tu na kwangu hakanyagi, hata Idi alipita chini ya dirisha langu akaenda zake.

Siku moja kompyuta ikajisasisha yenyewe, nikaona alama ya waifai imejaa lakini hakuna kinachofunguka, na wanafunzi wananingoja, nikampigia kaka huku nalia, naye akaja. Akanieleza, huku anakula mahamri na mbaazi, kwamba ndani ya kompyuta yangu muna programu ndogo inayofanya kazi kichinichini, haionekani, kazi yake ni kushika waifai, na programu hiyo ina faili lake la mipangilio ya jumla, na humo muna mstari mmoja unaoiambia kwamba ukishaishika waifai, na anwani ya kuingilia mtandaoni pia uitafute wewe mwenyewe. Mstari ukisema ndiyo, mambo yanakwenda. Ukisema hapana, inashika waifai halafu inakaa tu, kama mgeni aliyefunguliwa mlango asiambiwe aketi wapi. Wangu ulikuwa umegeuzwa hapana na lile sasisho, akaandika ndiyo, akaiwasha upya ile programu, kila kitu kikafunguka, na yeye akakaa mpaka alasiri akinisimulia vituko vya wateja wake, tukacheka kama tulivyokuwa tukicheka kwa mama.

Wiki iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Bi Nasiha, nililifungua lile faili mimi mwenyewe, nikaandika hapana, nikampigia simu.

Tangu hapo nimezoea. Nikiona kimya kimezidi, naharibu, namwita, nampikia, anatengeneza, tunazungumza. Lakini juzi Bi Lamis wa Maskati, mama mtu mzima aliyebakisha juzuu moja tu ahitimishe msahafu, alinisubiri mpaka akachoka, akaniandikia kwamba huenda akatafuta mwalimu mwengine. Na Jumatatu kaka alipolifungua faili akasema, “Mstari huu haujigeuzi wenyewe mara zote hizi. Yuko mtu yuwauchezea, na si wewe. Ni mumeo, hataki nije hapa. Ijumaa baada ya swala naja kumuuliza uso kwa uso.” Nami nikamwongeza chai. Sufyan maskini hata kuizima kompyuta huniita mimi. Nikisema kweli, kaka ataona nimemfanya mjinga na hatarudi tena, na nikinyamaza, mume wangu atabebeshwa kosa asilolijua na hawa wawili hawatapatana milele. Nifanyeje?

Mwalimu mwenye haya, Kibokoni

*

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nikicheka, nikafika pale ulipomwongeza chai, nikaacha kucheka.

Kumtamani ndugu yako si kosa, na ningekuwa jirani yako ningekuja kukukumbatia. Ila wewe ndiye unayekaa mbele ya kina mama wa watu ukiwafundisha kila herufi waipe haki yake, halafu mumeo anashtakiwa mbele yako kwa jambo ulilolitenda kwa vidole vyako, na ulimi wako unapotea. Haya gani hiyo? Haya ungeiona pale ulipokuwa ukiandika hapana.

Basi usingoje Ijumaa. Leo hii, Sufyan akishakula, mwambie yote, na usianze na machozi. Akinuna mwache anune, ana haki. Akimaliza kununa, mkumbushe kwamba yeye ndiye aliyeanza, na wali wa watu. Kaka yako alisimama juani siku nzima kwa ajili ya harusi yake, akalipwa kichekesho. Alisema mbele ya watu, basi na samahani aiombe mbele ya watu, pale msikitini Ijumaa wakitoka, kabla kaka hajaanza kuuliza lake. Mshonaji kanzu ajue kwamba hili nalo ni la kushona, na asiongeze mzaha.

Mstari wako uache kwenye ndiyo, na vidole uviweke mbali. Bi Lamis mpigie kesho asubuhi, umtake radhi, na umpe muda wa ziada mpaka amalize juzuu yake. Mama wa umri ule kungojeshwa kwa sababu mwalimu amemkumbuka kaka yake, hapo nimekukasirikia.

Sasa ile hofu yako, kwamba ukisema kweli hatarudi. Nilimwita Katana, anayetutunzia kompyuta hapa gazetini, nikamuuliza kutengeneza mstari kama huo ni kazi ya kiasi gani. Akaniambia fundi humwelekeza mtu kwa simu, na maji ya chai hayajachemka akawa amemaliza. Na fundi akishuku kuna mtu anayechezea faili, hulifunga kwa neno la siri akaenda zake.

Kaka yako ni fundi, mwanangu. Simu anayo, na kufunga faili anajua. Hakukuelekeza kwa simu hata mara moja, wala hakulifunga. Kila ulipomwita alifunga kibanda, akawaacha wateja, akapanda ghorofa tatu kwa ajili ya neno moja, kisha akakaa mpaka alasiri.

Ijumaa akibisha, mfungulie wewe, umwambie, “Ni mimi niliyeugeuza,” na umwambie kwa nini. Hatashangaa sana.