Fomu ya Chuo Ninachopiga Deki

Mwanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu, kipashe moto. Mdogo wako asitoke kucheza kabla hajafua soksi zake, zinanuka nyumba nzima.

~~Ile fomu ijaze leo, mwisho ni kesho.~~ Acha, usiijaze.

Asubuhi uliposema, "Mama, bora nikae nyumbani kuliko kusoma chuo unachopiga deki," nilijifanya natafuta viatu, na huku nimevivaa. Iliniuma, sikufichi. Nilikuchagulia kile kwa sababu watoto wa wafanyakazi wanalipa nusu ada. Vile viwili ulivyoviandika wewe, hata tukiuza vitanda hatuviwezi.

Sasa jana walituita wafagizi wote ukumbini. Kazi ya usafi wameipa kampuni ya nje. Kuanzia mwezi ujao sisi si wafanyakazi wa chuo tena, na ile nusu ada ndiyo imekwenda na maji. Nilitaka kukwambia asubuhi, ukaniwahi.

Kwa hiyo hatuna cha kugombania. Usilie mbele ya mdogo wako. Wala usiniombe msamaha nikirudi, maana nitaangua kilio pale pale mlangoni.

Mama yako