Dole gumba la Mama haliumi tena

Retno, uko hapo?

Unalikumbuka dole gumba la Mama, lililomliza miaka mitatu? Tangu mwezi uliopita haliumi. Haliumi kabisa! Daktari alishasema maumivu ya kiungo kilichosagika huweza kutulia yenyewe. Mama alilia kwa furaha.

Leo akarudi kwenye karakana ya batiki. Wenzake wakapiga makofi, "Malkia wa nta huyo!" Akachovya kalamu ya kuchorea batiki kwenye nta ya moto, akainamia kitambaa cha arusi, kazi ya wenzake ya miezi minne.

Kalamu ikamponyoka. Nta ikamwagika katikati ya kitambaa. Akaiokota. Ikamponyoka tena!

Retno, dole halikunjiki. Limekakamaa kama kijiti.

Bi Lastri, mwenye karakana, akamwambia taratibu, "Dada, nenda kapumzike." Mbele ya watu wote!

Nikampeleka kwa daktari. "Maumivu yametulia, mama, kwa sababu kiungo kimekaza. Hakitalegea tena."

Mama akauliza, "Hakiwezi kurudi kuuma?"

"Hapana, mama, usiogope."

Alidhani Mama anaogopa. Retno, Mama alikuwa anaomba maumivu yarudi, ili ashike kalamu tena.