Tumbawe la Musembi

Stesheni ya Sultan Hamud,
Februari 1936.

Kwa ndugu yangu Kiilu,

Pokea salamu zangu mimi dada yako Mbinya, na za shemeji yako Musembi. Natumaini ile homa iliyokulaza Krismasi imekuachilia na umerudi kazini bandarini. Mama nilimwona kijijini kwetu Tulia mwezi uliopita. Anapumua vizuri na analalamika vizuri pia, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mvua hakuna. Mwili wangu ni mzima ila kichwa kimechoka, na sehemu ya uchovu huo imetoka kwako.

Ni wewe uliyempatia yule injinia Mzungu tumbawe, ukalitia kwenye debe la maji ya bahari na kulipandisha treni. Ungemwambia tu kwamba bahari haifiki Ukambani. Aliliweka barazani ndani ya sanduku la kioo, akalitazama wiki chache, kisha akaenda likizo Ulaya na kumwachia mpishi wake, Musembi, alitunze mpaka arudi. Nyumba yake ikafungwa, sanduku likaja kwetu. Kwetu, Kiilu, chumba kimoja.

Lilipewa mahali pa kitanda, na kitanda kikasogezwa kwenye moshi wa jiko. Jua la mlangoni halikulitosha, basi Musembi akakata bati la paa akatia kioo, na sasa mchana tunaiva kama mikate. Asubuhi na jioni anasukuma hewa majini kwa pampu ya baiskeli, na baiskeli yenyewe ina pancha tangu zamani. Maji unayomtumia kwa treni hakuna ruhusa kuyagusa, huku mimi nachimba mchangani mtoni nipate ya kunywa. Wanawake wenzangu wananiuliza kama ni kweli kwetu kuna jiwe linalooga. Niwajibu nini?

Kisha akaja Mzee Muthama wa kanisa. Alikuwa amesikia kwamba tunaabudu sanamu. Musembi hakubishana. Alisubiri giza lianze kuingia, wakati tumbawe linapotoa vidole vyake vyembamba kama nyuzi, akadondosha vipande vidogo vya nyama ya mbuzi. Vinywa vilivyo katikati ya vidole hivyo vikavimeza kimoja kimoja. Akaeleza, kama ulivyomfundisha, kwamba hilo si jiwe bali ni wanyama wadogo wengi walioshikana, ambao hujijengea nyumba ya mawe chini yao, na kwamba baharini wako wengi kuliko miti ya Kitui yote. Aliamini sasa mzee ameridhika. Mzee alikuja kuona sanamu, akaonyeshwa jiwe linalokula nyama. Alisema litoke kabla ya Jumapili, la sivyo Musembi hatashiriki Meza ya Bwana. Musembi, ambaye hajawahi kumbishia mtu wa kanisa, alijibu kwamba halitoki. Nilimkasirikia mpaka nikampa ugali bila mboga.

Wiki hiyo hiyo debe lako lilifika limevuja, halina tone. Joto likazidi, tumbawe likaanza kuwa jeupe upande mmoja, jeupe kama mfupa. Musembi akaacha kula. Nani alizungushia kioo magunia yaliyoloweshwa kwa maji ya kunywa? Ni mimi, huku nikilitukana.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuandikia. Tangu tumzike mtoto wetu Nthenya mwaka jana, Musembi alikuwa haongei nyumbani. Uliponiuliza habari zake nilikujibu kwamba ana kazi nyingi. Haikuwa kazi. Aliweza kula, kulala na kuamka bila kunitamkia neno. Sanduku lilipokuja, siku moja akaniita, "Mbinya, njoo uone, limefunguka." Nilisimama pale nikaangalia hilo balaa la kijani, nikalia, naye akadhani nimelipenda. Ndiyo sababu nimevumilia. Nilimweleza Mzee Muthama hivyo hivyo nyumbani kwake. Akasema Jumapili hatauliza chochote.

Lakini upande mweupe unaenea, na mimi siwezi kumwona akizika tena. Jana nilimwambia tusilisubiri life humu ndani. Alikaa kimya mpaka nikaogopa kwamba kile kimya cha zamani kimerudi. Halafu akasema, "Huyu bado anaweza kurudi kwao." Injinia akikasirika, na akasirike.

Musembi anakuja nalo kwako kwa treni ya Jumamosi ya wiki ijayo. Maji yakipwa, mpeleke pale yanapoota matumbawe mengine kama hilo, aliweke kwa mikono yake mwenyewe. Usimharakishe, wala usimfundishe. Akilia, wewe angalia upande mwingine.

Wasalimie wifi yangu Mbula na watoto. Waambie wasimcheke wakimwona amepakata debe. Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako,
Mbinya