Baba Salma, Walituuliza Tuna Watoto Wangapi

Mpendwa Baba Salma,

Nakuandikia hapa mbele ya watu wote kwa sababu simu zangu hupokei tena na ujumbe ninaokutumia haufiki. Labda mtu anayekujua huko ng'ambo atasoma haya na kukuambia kwamba mkeo anakutafuta.

Nianze na Kitale, maana huko ndiko nilikokujua. Ulikuwa unasaga mahindi kwenye kisiagi karibu na stendi, na jioni ulirudi nyumbani mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Salma akikuona hivyo alilia na kujificha nyuma ya leso yangu. Ulipokwisha kunawa uso ndipo alipokukimbilia. Ulikuwa ukisema, "Huyu mtoto ananijua nikiwa msafi tu," nasi tunacheka. Baridi ya Julai ikizidi, ulimbeba ndani ya koti lako, kichwa chake tu kikichungulia kifuani. Mikono yako ilikuwa mizito, imekauka kwa kazi, lakini sikuwahi kuiogopa. Leo uko mbali, na ndipo nimeanza kuiogopa.

Ulipopata kazi huko uliko, mimi nilirudi Bungoma, nikapanga chumba karibu na msikiti na kuanza kupika chapati za kuuza. Wiki chache baadaye nikajua nina mimba. Unakumbuka nilivyokupigia? Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Ulinyamaza, kisha ukauliza, "Tangu lini?" Nikadhani mtandao unasumbua, nikakueleza tena habari yote toka mwanzo. Ukasema sawa, ukakata.

Mtoto alizaliwa asubuhi ya sikukuu, takbira zikisikika mpaka wodini. Nilikuomba umpe jina. "Mpe lolote," ulisema. Nikamwita Idi.

Toka hapo yalikuwa mambo madogomadogo, nami niliyapita kama mtu anayeruka matope njiani. Nikikutumia picha ya watoto wote wawili, ulijibu, "Salma amekua." Ukipiga simu, ulisema, "Mpe Salma." Idi akaja kujua sauti yako kama sauti ya mtu anayeongea na dada yake.

Halafu ukatuambia maombi yetu ya kuja kwako yamefika mbali, tumeitwa kuhojiwa Kampala, kwenye ofisi ya ubalozi inayoshughulikia familia. Nilifurahi, Baba Salma. Nilimshonea Salma gauni la bluu. Kitu kimoja tu ulikikazania: "Idi umwache kwa mama yako kule Naitiri. Maombi yake yatafuata baadaye." Niliona ni sawa, wewe ndiye unayezijua taratibu. Lakini siku ya safari Idi aliamka anachemka kwa homa. Nisingeweza kumwacha. Nikamfunga mgongoni, tukavuka mpaka pale Malaba sisi watatu.

Kule ndani ya ubalozi mtu anasimama mbele ya kioo na kuongea kupitia kitundu. Upande wa pili alikaa afisa wa kizungu, mtu mpole, na kando yake mama mmoja Mganda aliyekuwa akitafsiri. Waliniuliza tulikutana wapi. Wakauliza mama yako anaitwa nani, unapenda kula nini, ukilala unakoroma au hukoromi. Nilijibu yote bila kusita. Hata nilijivuna jinsi ninavyokujua.

Kisha yule mama akauliza, "Mna watoto wangapi?"

"Wawili," nikasema.

Afisa akatazama kompyuta yake. Wakanong'onezana. "Anaomba urudie."

"Wawili. Huyu ni Salma, na huyu mgongoni ni Idi."

Yule mama akavua miwani. "Mume wako ameapa kwamba mna mmoja tu. Ameapa pia kwamba wewe huna mtoto mwingine yeyote. Sasa mzee huyu anauliza, huyu uliyembeba ni wa nani?"

Jasho la Idi lilikuwa limenilowesha mgongo mzima. Nilisikia pumzi yake shingoni. Yule mama akasogea karibu na kioo, akaongea polepole: "Maama, fikiria kwanza kabla hujajibu." Nilimwelewa. Ningesema ni wa dada yangu, na mlango ungefunguka palepale. Salma alikuwa ameinua uso ananitazama, anangoja kusikia mama yake atasema nini kuhusu ndugu yake.

Nikasema, "Ni wangu. Na ni wa mume wangu."

Afisa hakukasirika. Alisema watabaki na pasipoti zetu, watawasiliana na wewe kwanza.

Ulipiga tulipokuwa tumerudi Bungoma. Hukunisalimia. "Si nilikuambia umwache Naitiri?"

"Kwa nini hukumtaja, Baba Salma?"

"Mimi nina uhakika na Salma tu."

Ningejua unalibeba hilo, ningekubali tupimwe wote watatu siku ileile. Hukuniuliza. Uliniacha nije kuyasikia kwa mgeni nyuma ya kioo. Kisha ukasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayepanga kazi ya kesho, "Usijali. Salma atakuja hata bila wewe." Hiyo ndiyo mara ya mwisho kusikia sauti yako.

Nilirudi Kampala kuchukua pasipoti. Yangu ilikuwepo. Ya Salma, kijana wa mapokezi aliniambia, ilishachukuliwa na mtu wa familia aliyekuja na barua ya baba wa mtoto.

Siku chache baadaye ndugu yako Rashidi akatokea kutoka Kitale. Alimletea Salma viatu vipya. Idi alimsogelea akamshika goti, naye akamtoa mkono taratibu kama anayeondoa uchafu. Nilimwekea chai, hakuigusa. Aliuliza, "Siku hizi Salma anasoma shule gani? Hutoka saa ngapi?" Nilimdanganya kwamba amehama shule. Alitabasamu. "Shemeji, mimi natumwa tu, bana."

Wiki iliyofuata mwalimu wa Salma akanipigia. Gari limesimama langoni, mwanamume anasema ametumwa na baba wa Salma amchukue. Mwalimu alikataa. Nilikimbia na mikono ya unga kutoka kibanda changu cha chapati mpaka shuleni, na nilipofika gari lilikuwa limeondoka.

Nimekwenda kwa afisa wa watoto, nimekwenda kwa kadhi. Rashidi ameitwa, hajafika. Kile chumba cha karibu na msikiti nimekiacha, na tulipo sasa sitapaandika hapa. Mchana tunafunga madirisha. Pikipiki ikipunguza mwendo nje, naacha kukanda na kusikiliza mpaka ipite.

Sikuandikii nikutukane. Bado namkumbuka yule mtu aliyembeba mwanawe ndani ya koti. Kama yungali hai ndani yako, basi aje mwenyewe, asitume mtu. Aje amtazame Idi usoni na kusikia sauti yake, na akitaka vipimo, twende pamoja.

Jana nilimkalisha Salma chini. Nikamwambia, mtu yeyote akija na kusema ametumwa na baba, asiende naye, hata akimjua. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na akija baba mwenyewe?"

Sijamjibu bado.

Popote maneno haya yatakapokukuta, Mungu akulinde, na atulinde sisi na unalolipanga.

Ni mimi mkeo,
mama wa watoto wako wawili.